Barua ya Kirusi kwa mama Mgagauzi

(Maneno haya niliyasema Dodoma mbele ya klabu yetu ndogo ya wapenzi wa lugha, Siku ya Kimataifa ya Lugha Mama, tarehe 21 Februari. Nimeyaandika karibu kama yalivyonitoka. Penye porojo nyingi nimepunguza.)

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, walimu, na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango kwa sababu mnazozijua wenyewe, hamjambo?

Mimi si mwanaisimu. Nimekuwa bwana shamba maisha yangu yote, na kazi yangu imekuwa mizabibu. Mwenyekiti aliponipigia simu nizungumze juu ya lugha mama nilidhani amekosea namba. Akaniambia, "Mzee, wewe si ulisoma kwa Warusi? Tupe habari za huko." Basi nitawapa, ila Warusi watanisamehe, leo zamu si yao. Nataka niwaambie habari za Wagagauzi.

Naona mnatazamana. Hata mimi nilitazama hivyo hivyo.

Nilisoma Kishinev, mji ambao leo unaitwa Chișinău, makao makuu ya Moldova. Miaka ile ya 1980 Moldova ilikuwa mojawapo ya jamhuri 15 za Muungano wa Kisovieti: nchi ndogo iliyobanwa kati ya Romania na Ukraine, na mizabibu kila unapogeuka. Bwenini nikapangwa na kijana mmoja mrefu, mkimya, mtoto wa wakulima wa kusini. Nikamdhania Mrusi. Akasema siye. Basi Mmoldova? Siye. Akanitajia kabila lake, nami nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Siku moja tukaenda wote posta, yeye apige simu nyumbani. Enzi zile simu ya mbali ulipewa kibanda na ulipiga kelele ili usikike, kwa hiyo ukumbi mzima ulikusikiliza. Nikamsikia anasema "haber". Mara "saat". Mara "dünnä". Nikasimama. Alipotoka nikamuuliza kwa Kirusi changu cha kuungaunga, "Ndugu yangu, kumbe wewe Mwislamu?" Akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akatazama kushoto na kulia, akavuta uzi shingoni akanionyesha msalaba mdogo aliokuwa ameuficha ndani ya shati.

Hao ndio Wagagauzi. Wanazungumza lugha ya ukoo wa Kituruki, karibu sana na ile ya Istanbul, lakini ni Wakristo wa Kiothodoksi tangu wazee wao wanapokumbuka. Mungu wanamwita Allah. Mfungo wa Kwaresma ni *oruç*. Mwanakondoo anayechinjwa siku ya mtakatifu ni *kurban*. Aliyekwenda kuhiji Yerusalemu alirudi akiitwa *hacı*. Bikira Maria naye ni Panaya, jina walilolipata kwa Wagiriki. Mgeni akiwasikiliza kwa masikio tu anaweza kuwapeleka msikitini moja kwa moja.

Msicheke sana, maana nasi tumo humo humo. Jumapili iliyopita nilikuwa kanisani, na katika sala moja nikahesabu dhambi, rehema, malaika, shetani na Injili. Ni maneno yaliyopita kwa Waarabu yote, na hakuna aliyenyanyuka kuuliza yanatafuta nini kanisani. Maneno ya Kiarabu yalifanya safari mbili. Mengine yalipanda kaskazini yakapita kwa Waajemi na Waturuki mpaka ukingo wa mto Danube. Mengine yalipanda majahazi yakashukia Lamu, Mombasa, Unguja na Kilwa. Yakakutana tena ndani ya ukumbi wa posta, Kishinev. Dunia kwao ni *dünnä*, habari ni *haber*, wakati ni *vakıt*, salamu ni *seläm*, na maskini asiye na kitu ni *fukaara*. Hili la mwisho lishikeni, nitalirudia.

Na wengine hapa mna Kituruki kinywani bila kujua. Afande mnayempigia saluti ni *efendi* wa Waturuki. Wazee waliowahi kuwa jeshini enzi za mkoloni wanamkumbuka ombasha: *on* ni kumi, *baş* ni kichwa, yaani kiongozi wa watu kumi. Yalitufikia kwa njia ya askari waliotoka Misri na Sudani. Nilipomwambia mwenzangu kwamba kwetu koplo alikuwa ombasha, alihesabu kwa vidole, *bir, iki, üç*, alipofika *on* akapiga meza.

Sasa, asili yao? Hapo wasomi hawajapatana, na sioni dalili ya kupatana. Wapo wanaosema jina lenyewe limetokana na Sultani Izzeddin Keykavus wa Pili wa Waseljuki, watawala wa Kituruki, aliyekimbia Anatolia, Uturuki ya leo, karne ya 13 akapokewa na mfalme wa Konstantinopoli. Wafuasi wake wakapewa ardhi Dobruja, pwani ya magharibi ya Bahari Nyeusi, na Keykavus likalainika midomoni mpaka likawa Gagauz. Wengine wanasema hapana, hawa ni mabaki ya makabila ya Kituruki yaliyoshuka kutoka nyika za kaskazini zamani zaidi, Wapechenegi, Wauzi na Wakumani. Wengine tena wanasema ni Wabulgaria tu, au Wagiriki, waliobadili lugha wakabaki na dini. Ukichunguza utakuta mara nyingi Mbulgaria huwaona Wabulgaria, Mturuki huwaona Waturuki. Sisi tuliosikia miaka nenda rudi mabishano ya Mswahili ni nani, mchezo huu tunaufahamu. Mwenzangu nilipomuuliza alinijibu, "Sisi tulivuka Danube na mikokoteni ya ng'ombe. Kabla ya hapo muulize Mungu."

Kuvuka huko kunajulikana vizuri. Urusi na dola ya Osmani, yaani ya Waturuki, walipigana mara kwa mara, na Wakristo wa Dobruja na mashariki ya Bulgaria wakawa katikati kama nyasi. Baada ya vita ya 1806 hadi 1812, mkataba uliotiwa saini Bucharest uliipa Urusi nchi ya Bessarabia, ambayo sehemu yake kubwa ndiyo Moldova ya leo. Kusini mwake kuna nyika iitwayo Bucak, maana yake pembe au kona. Watatari wa Kinogai waliokuwa wakichunga humo walikuwa wamekwisha kuondolewa, ardhi ikabaki tupu, na serikali ya Urusi ikawaita wahamiaji: njooni mlime, mtapewa ardhi, mtasamehewa kodi kwa miaka kadhaa, na watoto wenu hawatachukuliwa jeshini. Wagagauzi wakaja pamoja na Wabulgaria. Wengi wa vizazi vyao wako pale pale hadi leo. Sensa ya Moldova ya mwaka 2014 iliwahesabu 126,010, na ng'ambo ya mpaka, Ukraine, sensa ya 2001 ilikuta karibu 32,000 zaidi.

Nilifika Bucak mwaka 1986, mwezi wa kumi na moja. Mwanafunzi mgeni hakuruhusiwa kuzurura bila kibali, kwa hiyo safari ile iliniponza viatu kwa kwenda ofisini na kurudi. Nilipoiona nchi nikahisi nimerudi Dodoma. Tambarare kavu, upepo, visima virefu, udongo mweusi tu ndio uliotofautiana na wetu. Langoni kwao mwenzangu akapaza sauti, "Babu!" Nikaweka begi chini, nikajipanga kumwamkia mzee mwenye mkongojo. Akatoka bibi kizee amejitanda kilemba, anapangusa mikono kwa aproni. Kwao *babu* ni bibi. Babu mwenyewe ni *dädu*. Nilimpa shikamoo yake hata hivyo, maana ilikwisha fika mdomoni.

Tulifika siku ya *Kasım*, tarehe 8 Novemba, Mtakatifu Dimitri. Mwaka wa Wagagauzi una nguzo mbili. Moja ni Kasım. Nyingine ni *Hederlez*, tarehe 6 Mei, Mtakatifu George, siku kondoo wanapotolewa kwenda malishoni na mchungaji anapopatana na wenye mifugo. Siku ya Kasım mchungaji anarudisha kondoo za watu na kulipwa ujira wake. Kati ya tarehe hizo mbili ni kazi. Nje yake ni baridi na harusi. Sikilizeni hilo jina Hederlez. Limefinyangwa kutokana na Hızır na İlyas, yaani Nabii Khidhri na Nabii Eliya. Ndugu zangu Waislamu mliomo humu mnamjua Khidhri. Basi huko kondoo wa Wakristo wanatoka zizini siku yenye jina lake, na padri anabariki.

Baada ya Kasım zikafuata siku za mbwa mwitu, *canavar yortuları*. Siku hizo wanawake hawashoni wala hawafumi, na mkasi hufungwa usiachame, ili na kinywa cha mbwa mwitu kifungwe asile kondoo. Bibi yule alikuwa na mkasi wa chuma umefungwa kwa uzi mwekundu, umening'inizwa karibu na sanamu takatifu. Nje, kijiji kizima kilikuwa cha shamba la pamoja la Kisovieti, na picha ya Lenin ilikuwa ofisini. Mambo hayo mawili yaliishi kijiji kimoja bila kusalimiana.

Tulikula sarma za majani ya mzabibu, na mikate ya kukunja yenye jibini ya kondoo ndani, iliyotoka jikoni inachoma vidole. Tulishuka chini ya nyumba kwenye mapipa ya mvinyo. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa mizabibu, kwa hiyo kunywa kwangu kulihesabika kama masomo. (Kicheko.) Lakini mwaka ule kulikuwa na msiba katika mashamba. Gorbachev, kiongozi wa Kisovieti, alikuwa ametangaza vita dhidi ya ulevi Mei 1985, na Moldova, iliyoishi kwa zabibu, ikaambiwa ing'oe. Nilikuta mizabibu ya miaka mingi imelala imepinduliwa, mizizi juu. Nimeona ukame, nimeona ugonjwa wa majani, ila mashina mazima kung'olewa kwa amri ya karatasi sijaona tena, na naomba nisione.

Usiku ule bibi akasimulia. Mjukuu alinitafsiria kwa Kirusi, lakini nilikuwa nimekwisha lisikia neno *fukaara* kabla hajafungua mdomo. Alisimulia njaa ya 1946 na 1947. Ukame ulikuwa mkali, vita ilikuwa imekwisha punde, na bado maofisa walipita kukusanya nafaka za serikali, mpaka ghalani pakafagiliwa. Kusini, kwa Wagagauzi, ndiko ilikoua zaidi. Halafu Julai 1949 yakaja malori usiku, na watu wapatao 35,000 kutoka Moldova nzima, waliohesabiwa kuwa matajiri wa kijijini au maadui, wakapakiwa kwenye mabehewa kupelekwa Siberia na kwingineko mashariki. Bibi alipomaliza, hakuna aliyetafsiri sentensi ya mwisho. Sikuuliza.

Nimefika kwenye jambo lililonifanya nikubali kuja hapa.

Mwenzangu alikuwa anaandika barua nyumbani kila baada ya wiki mbili. Siku moja nikaitupia jicho barua ile, nikaona ni Kirusi. Na mama yake Kirusi alikisema kwa shida. Nilikuwa nimemwona kwa macho yangu. Nikamuuliza kwa nini hamwandikii kwa lugha yenu. Akanitazama kama niliyemuuliza kwa nini hamwandikii kwa Kichina. "Sijui kuiandika," akasema. "Hatukufundishwa." Kwa hiyo barua ilikwenda kwa Kirusi, dada mdogo aliyekuwa shuleni aliisoma kwa Kirusi, kisha akamweleza mama kwa Kigagauzi. Mama akajibu kwa Kigagauzi, dada akaandika kwa Kirusi. Mtu na mama yake, na katikati mkalimani wa miaka kumi na mmoja.

Si kwamba lugha ile haikuwa na maandishi. Ofisa mmoja wa jeshi la Urusi, Valentin Moshkov, alikusanya hadithi, nyimbo na mila zao na kuzichapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Na kabla ya hapo na baada ya hapo alikuwapo mtu ambaye Wagagauzi humtaja kwa kushusha sauti: padri Mihail Çakir, mzaliwa wa Ceadîr-Lunga, 1861. Çakir ndiye aliyeng'ang'ania kwamba Mgagauzi asome Injili na sala kwa lugha anayoielewa, na akaanza kuchapa vitabu hivyo kwa herufi za Kirusi. Bessarabia ilipochukuliwa na Romania mwaka 1918 akageukia herufi za Kilatini. Mwaka 1934 akatoa historia ya watu wake, na mwaka 1938, mwaka aliokufa, kamusi ya Kigagauzi na Kiromania. Mtu mmoja, kazi ya chuo kizima.

Halafu Wasovieti. Mwaka 1957 wakaidhinisha alfabeti rasmi kwa herufi za Kirusi. Mwaka 1958 Kigagauzi kikaingia darasani. Mwaka 1961 kikatolewa. Miaka mitatu! Mwenzangu alizaliwa 1962.

Yaliyofuata mengine mliyasoma magazetini, au mngeyasoma kama magazeti yetu yangeyaandika. Agosti 1989 Moldova ilikifanya Kimoldova, ambacho ni Kiromania, kuwa lugha ya taifa, na watu wakaanza kusema juu ya kuungana na Romania. Wagagauzi wakaogopa: tutakuwa wageni nyumbani. Tarehe 19 Agosti 1990 wakatangaza jamhuri yao mjini Comrat, rais akiwa Stepan Topal, bendera ya samawati yenye kichwa cha mbwa mwitu. Si mara ya kwanza mji ule kutangaza jamhuri. Januari 1906 wakulima walifanya hivyo, ikadumu siku tano au sita. Oktoba 1990 maelfu ya vijana wa kujitolea kutoka Chișinău walisafirishwa kwa mabasi kwenda kuwazima, na kidogo damu imwagike; askari wa Kisovieti wakasimama katikati. Jirani yao Transnistria, ukanda wa mashariki ya Moldova uliojitenga, mwaka 1992 vita ilipigwa na mamia wakafa. Wagagauzi na Chișinău wakakaa mezani, na tarehe 23 Desemba 1994 bunge la Moldova likapitisha sheria ya kuwapa utawala wao wa ndani. Kwa hilo ninawavulia kofia pande zote mbili.

Kwa hiyo leo ipo Gagauz Yeri, nchi ya Wagagauzi, ndani ya Moldova. Eneo lake ni kilomita za mraba 1,832, kubwa kidogo tu kuliko kisiwa cha Unguja, tena limekatikakatika vipande, kwa sababu vijiji vilivyokuwa na Wagagauzi zaidi ya nusu viliingia moja kwa moja na vingine viliulizwa kwa kura. Lina mkuu wake, *Başkan*, ambaye kisheria lazima akijue Kigagauzi. Mnaisikia *baş* ya ombasha humo ndani. Lina baraza la watu 35, *Halk Topluşu*. Na *halk* hiyo, yaani watu, ni ndugu wa halaiki yetu. Lina lugha rasmi tatu: Kigagauzi, Kiromania na Kirusi. Herufi za Kilatini zilirudi mwaka 1996. Pana chuo kikuu Comrat, redio na televisheni.

Sasa niulizeni: darasani wanafundisha kwa lugha gani? Kirusi. Kigagauzi ni somo, vipindi vichache kwa wiki. Hospitalini, dukani, kwenye mikutano ya baraza lenyewe, utasikia zaidi Kirusi. Waliogopa Kiromania kiwameze, wakajenga ukuta upande ule, na Kirusi kilikuwa kimekwisha keti sebuleni kinakunywa chai. Mwaka 2014 walipopiga kura ya maoni, zaidi ya asilimia 98 walitaka kujiunga na umoja wa forodha wa Urusi. Siwalaumu. Kirusi ndicho kilichompa mwenzangu diploma na mshahara. Kigagauzi kimepewa cheo, kimepewa ofisi na muhuri, lakini hakijapewa kazi. UNESCO imekiweka katika orodha ya lugha zilizo hatarini.

Au niseme hivi: kazi kimepata, ila ugenini. Tangu uchumi uanguke miaka ya 1990 wanawake wengi wa Kigagauzi wamekwenda Istanbul kutunza wazee na watoto wa watu, na kilichowafungulia mlango ni lugha ya mama. Siku ya kwanza tu wanaelewana na mwenye nyumba. Lakini ukikaa miaka kumi, matamshi ya kijijini yanasafishwa. Wagagauzi wana mambo yao ambayo Mturuki huyashangaa: kitenzi wanakiweka katikati ya sentensi kama Warusi, na kama sisi, badala ya kukisukuma mwisho, jirani mwanamume ni *komuşu*, wa kike ni *komuşuyka*, mkia waliouazima kwa Waslavi. Istanbul mkia huo unakatwa haraka. Unarudi Comrat unasema Kituruki safi, na bibi anakuuliza umekuwa nani.

Vijana, najua mmeanza kupiga hesabu zenu wenyewe. Mimi Kigogo changu nimekiacha wapi kwa wajukuu, hilo tutazungumza nje, tukiwa na chai.

Nimalizie na habari mpya. Mwenzangu tulipoteana tangu 1989. Mwaka juzi binti yake, anayefanya kazi Istanbul, alinitafuta kwenye intaneti, na sasa tunaandikiana kwa simu, kwa Kirusi, maana ndicho tulicho nacho wote wawili. Nilipojua nitakuja kuzungumza nanyi nikamwomba aniandikie mstari mmoja kwa lugha yake niwasomee. Akakaa siku tatu kimya. Ya nne ukaja, kwa herufi za Kilatini, unaanza na *Seläm*: ananiuliza hali, anasema mzabibu wa babu bado unazaa. Chini yake akaongeza kwa Kirusi: nimeuliza watu wawili namna ya kuyaandika haya, kila mmoja kaniambia lake, kwa hiyo ukiona kosa unisamehe.